Nilichoandika Kuhusu Shavu la Zaina

Sentensi ile niliiandika mimi. Ina maneno manne tu: "Mtoto ameulizwa na ameridhia." Kwa karibu miaka thelathini, kila nilipoulizwa, nilijibu kwamba iliandikwa na mtu wa chumba cha upasuaji. Watu wa chumba cha upasuaji huvaa barakoa, kwa hiyo ni rahisi kuwasingizia. Nilikana mara nyingi kuliko yule mtume, na hakuna jogoo aliyejisumbua kuwika.

Nimestaafu mwezi uliopita, kwa hiari, nikiwa na magoti yanayolalamika na akili ambayo bado inadai kuwa nzima. Binti aliyepokea funguo za ofisi yangu aliniomba niwaandikie ninyi mnaobaki mambo mawili matatu ya kazi hii ya ustawi wa jamii hospitalini. Vyeo nitaviruka. Semina nazo nitaziruka, maana zote zilikuwa moja, ikirudiwa na chai tofauti. Nitaanza siku ya kwanza, na mtavumilia nikichelewa kufika kwenye shavu. Nimechelewa miaka yote hii, kurasa chache zaidi hazitaniua.

Nilishuka njia panda ya Msamvu na sanduku la bati, shahada ya sosholojia na viatu vya kisigino ambavyo vumbi la Morogoro liliviheshimu kwa dakika kumi. Mimi ni mtu wa Upareni. Nilipewa ofisi iliyokuwa stoo ya mashuka, meza yenye mguu mmoja mfupi, na mashine ya chapa isiyopiga herufi H, hivyo barua zangu za kwanza zote zilitoka "ospitali". Nikaacha mashine, nikawa naandika kila kitu kwa mkono. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Kumbukeni hilo.

Aliyenifundisha kazi hakuwa na shahada. Alikuwa Bi Zuhura, muuguzi wa wodi ya watoto, Mluguru wa milimani hasa, mama mnene mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na kitu. Siku ya kwanza alinitazama tangu kwenye viatu hadi kwenye nywele.

"Wewe ndiye ustawi mpya?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Umesomea nini?"

"Jamii."

"Kumbe jamii inasomewa," akasema, akaingia ndani. Akatoka na stuli ya miguu mitatu na kioo cha mkononi chenye fremu ya plastiki ya kijani. "Stuli ni ya kwako. Mtoto mkalishe kwenye kiti. Ukimzidi urefu atakujibu unachotaka wewe. Kioo mpe kikiwa kimelala kifudifudi, asijione. Akitaka kujitazama atakigeuza mwenyewe. Asipokigeuza, usimgeuzie. Hilo nalo ni jibu."

Sijawahi kusoma kitabu chenye maneno ya maana kuliko hayo. Akaongeza la pili, nalo nililiandika kwenye daftari kabisa, kwa ule mwandiko mzuri: "Na hapa kwetu ukimtaka mtoto, mtafute mjomba wake. Baba ni mgeni anayeheshimiwa."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua. Na nilijua! Chuoni tulikuwa na swali zima la mtihani kuhusu jamii zinazofuata ukoo wa mama, na nililijibu vizuri, kwa mifano.

Watoto wenye alama za kuzaliwa walikuja kwangu kwa sababu daktari hakuwa na muda wa kuwauliza kitu zaidi ya jina. Wengine walikuwa na mabaka mekundu kama waliomwagiwa juisi ya rosela, wengine meusi yenye nywele, wengine na vinundu juu ya jicho. Kila mama alikuwa na maelezo yake. Huyu alijikuna mwezi ulipopatwa. Yule alitamani maini akiwa mjamzito, akanyimwa. Bibi wa upande wa baba alikuwa na hakika kuwa kitu kile kimetoka upande wa mama. Kazi yangu haikuwa kubishana nao. Nilikuwa nawauliza swali moja tu: "Nani ameanza kuliona?" Mara nyingi mtoto aliishi na baka lake miaka sita bila habari, mpaka siku ya kwanza ya shule.

Kulikuwa na kijana mmoja wa Turiani, baba yake mkata miwa. Alama yake nyeusi ilifunika kope na nusu ya paji la uso. Darasani alikaa siku zote pembeni, ukutani, ili ukuta ndio uone upande ule. Nilimpa kioo kikiwa kifudifudi. Hakukigusa. Kabla sijamaliza kuuliza, akasema, "Litoke." Likatoka. Siku ya kuruhusiwa alimwomba mama yake wapitie studio ya picha kabla ya basi, akapiga picha akitazama mbele, nayo akaniletea. Naisimulia hii ili asitokee mtu akasema mama huyu amestaafu na chuki na kisu. Kisu hakina kosa. Swali ni nani kasema kishike njia.

Sasa tumefika.

Zilikuwa zile enzi za ruksa. Nchi ilikuwa imefungua milango, na mlangoni vikaingia vitu vyote kwa pamoja: mitumba, kanda za video, kalenda zenye wanawake wa nyuso laini kama sahani za udongo, na krimu za kulainisha nyuso zilizobaki. Uso, ambao zamani ulizaliwa nao ukafa nao, ukawa kitu cha kurekebishwa. Upande wa pili, viwanda vyetu vikaanza kupunguza watu. Mmoja wa waliopunguzwa alikuwa Rehema, aliyegeuka kuuza nguo za watoto za mitumba sokoni. Alikuwa na binti wa miaka minane, Zaina, aliyekuwa akilelewa milimani Kinole kwa mjomba wake, na ambaye mama yake alikuwa amemleta mjini mwaka ule asome.

Walikuja watatu: Rehema, Zaina na mjomba, Mzee Kibwana. Sikuwa na haki ya kumwita mzee, hakuwa na mvi hata moja, lakini alikuwa na utulivu wa watu wa mlimani, na mkungu wa ndizi begani ambao hakuuweka chini mpaka alipoambiwa. Zaina alivaa ushungi uliovutwa mbele. Rehema akauvuta nyuma. Shavu lote la kushoto, toka chini ya jicho hadi kwenye taya, lilikuwa na baka la kahawia iliyokolea, lenye kingo kama pwani.

"Shuleni wanamwita Ramani," Rehema akasema. "Jana wamemweka kwenye kona wanamgusa na rula. 'Ramani, Mwanza iko wapi? Ramani, tuonyeshe ziwa!' Amerudi kajifunika mpaka macho. Dada yangu, mimi sitaki maneno mengi. Litoeni."

Mjomba alimgeukia mtoto, akainama kidogo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Umechoka na njia? Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Zaina, mwenye miaka minane, bila kutabasamu. "Sijachoka."

Mimi nilicheka. Bi Zuhura, aliyekuwa mlangoni, hakucheka. Mzee Kibwana ndiye aliyenieleza, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kisimani. Mama yake mzazi, yeye Kibwana, alikuwa na baka kama lile, shavu lile lile. Alifariki Zaina akiwa tumboni. Mtoto alipozaliwa nalo, ukoo ukampa jina la bibi yake, na tangu siku hiyo yeye Kibwana anamsalimia kama anavyomsalimia mama yake. Kijiji kizima kinajua. Huko Kinole hakuna mtoto aliyemwita Ramani. Nani angethubutu kumtania mama wa mtu?

"Sijasema lisitolewe," akamalizia. "Naona anavyolia. Lakini hili si la kwangu peke yangu. Nipeni wiki nipande, nikakae na wenzangu wa ukoo, nirudi na jibu."

Nikamwambia sawa, mzee.

Haikuwa sawa. Daktari bingwa mgeni, wa kutoka ng'ambo, alikuwa anakuja kwa siku tano pamoja na mpiga picha. Nilikuwa nimeagizwa kumtafutia watoto kumi na wawili wa alama za usoni. Nilikuwa na kumi na mmoja.

Fomu ya ridhaa ya wakati ule ilikuwa na mstari mmoja wa sahihi, na chini yake pameandikwa "Baba". Mstari wa mjomba haukuwepo, kwa hiyo nikajiambia kwamba sheria imeshaniamulia. Kwetu Upareni baba akitia sahihi, kikao kimefungwa. Baba yake Zaina alikuwa utingo wa basi la mikoani, mtu wa Pwani, aliyeonana na binti yake sikukuu hadi sikukuu. Nilimfuata Msamvu. Alisaini juu ya boneti ya basi, injini ikinguruma, hata karatasi haikutulia.

"Ni la nini hili, dada?"

"La shavu la Zaina."

"Aa, lile. Mjomba wake kasemaje?"

Hata yeye aliuliza. "Wanashauriana," nikasema. Basi likaondoka.

Kilichobaki ni mtoto. Nilimkalisha kwenye kiti, mimi nikakaa kwenye stuli, kioo nikampa kikiwa kifudifudi. Nilifuata kila kitu nilichofundishwa. Ndiyo maana siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Zaina alikigeuza kioo haraka. Alijitazama kwa muda, akapitisha kidole kwenye ukingo wa baka, juu mpaka chini.

"Unapenda shule, Zaina?"

"Sipendi. Wananigusa na rula."

"Tukilitoa hawatakugusa. Unataka tulitoe?"

"Sitaki."

"Kwa nini hutaki?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza swali la kijinga. "Mjomba atanisalimiaje?"

Kwenye fomu, chini kabisa, palikuwa na nafasi ya "Maelezo ya afisa". Niliwaza mambo mengi kwa muda mfupi, yote ya busara. Niliwaza kwamba mtoto wa miaka minane hajui anachotaka. Niliwaza kwamba ameshaniambia shuleni hapapendi, na hiyo ni nusu ya ndiyo. Niliwaza habari za rula. Na chini ya hayo yote, kama mende chini ya kabati, lilikuwepo wazo la kumi na wawili. Nikachukua kalamu, nikaandika maneno yale manne kwa mwandiko wangu mzuri.

Operesheni ilikwenda vizuri, kwa maana ya kwamba hakuna lililoharibika. Walikata baka, wakachukua ngozi ya paja wakashonea shavuni. Zaina alirudi wodini amefungwa bandeji toka kidevuni hadi utosini, ameambiwa asifungue mdomo siku kadhaa ili nyuzi zisiachie.

Mzee Kibwana alirudi siku ya sita, kama alivyoahidi, matope hadi magotini, maana mvua ilikuwa imeharibu njia. Alinikuta nje ya wodi. Aliongea kabla ya kuona.

"Tumekaa. Wamesema, aulizwe mwenyewe. Yeye ndiye mama, sisi ni nani tumwamulie? Akitaka litoke, litoke, na sisi tutaliaga vizuri. Asipotaka, namrudisha Kinole asome huko."

Akatazama nyuma yangu, akaona bandeji.

Alikaa kwenye benchi. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Kisha akauliza: "Aliulizwa?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya pili, ambayo wengi hawapewi. Nikaingia ofisini, nikachukua faili, nikamsomea: "Mtoto ameulizwa na ameridhia."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Alipita, akasimama kando ya kitanda. Zaina alimtazama kwa macho mawili yaliyobaki nje ya bandeji, akisubiri. Nilimwona akisubiri. Mjomba akasema:

"Hujambo, Zaina?"

Mtoto akafungua mdomo, muuguzi wa zamu akamkataza. Alitikisa kichwa kulia na kushoto, kulia na kushoto. Mjomba alidhani anasema hajambo.

Bi Zuhura aliomba kuliona lile faili jioni ile. Alilisoma akiwa amesimama, akalifunga. "Mwandiko mzuri," akasema, na tangu siku ile hadi alipostaafu hakunifundisha kitu kingine. Aliniachia stuli na kioo, kama mtu anavyomwachia mgeni mwavuli ambao hataki kuuomba tena.

Picha za kabla na baada zikatundikwa ukutani kwangu, na wageni walizisifu. Haikuwepo picha ya baada ya baada. Kovu la Zaina lilivimba kwenye kingo na katikati likabaki jeupe kidogo, likang'aa. Shuleni hawakumwita tena Ramani. Walimwita Kiraka. Alipokuwa darasa la sita Rehema alinijia ofisini, amekonda, akaniuliza nani hasa alizungumza na mwanawe siku ile. "Maana yeye anasema alikataa, na mimi namwambia usisingizie watu, wewe mwenyewe ulitaka, karatasi ipo. Amegoma kwenda Kinole. Anasema mjomba kamvua jina."

"Yaliandikwa chumba cha upasuaji," nikamwambia Rehema, nikitazama dirishani. Milima ilikuwa imejifunika ukungu, kwa adabu.

Mwaka uliofuata nilichukua rula, nikachora mistari miwili kwenye fomu zetu zote kwa mkono, moja moja. Mstari wa kwanza: "Mjomba au mkubwa wa ukoo amesema." Wa pili: "Mtoto amesema (andika maneno yake, si maana yake)." Baadaye tukazichapa hivyo. Ninyi mnazijaza hadi leo, na najua baadhi yenu mnadhani niliipata fikra hiyo kwenye semina. Nimewaacha mdhani. Nilipongezwa hata kwa hilo. Nilikula na keki yake.

Tangu hapo nimekaa kwenye stuli mbele ya watoto wengi. Wapo waliogeuza kioo wakasema litoke. Wapo waliosema libaki, na mama zao wakaniona adui. Yupo mmoja aliyesema libaki mpaka Jumamosi, nikaandika hivyo hivyo, na Jumamosi akaja akasema litoke. Niliandika maneno yao kama walivyoyasema, na kila mara mkono ulikuwa mzito kidogo, kama unaandika juu ya maandishi mengine.

Simu ilikuja wiki ya pili baada ya kustaafu, asubuhi, nikipepeta mchele. Namba ngeni.

"Shikamoo. Naongea na mama wa ustawi, aliyekuwa hospitali?"

"Marahaba. Ndiye."

"Mimi Zaina. Yule Ramani."

Nikakaa chini. Alikuwa na sauti nzito, ya mtu mzima, ya mtu aliyezoea kuongea na wengi. Akasema sasa ni mwalimu huko Mvomero, ana watoto wake. Akasema mama yake alimzika mwaka jana, na tangu hapo hana tena wa kubishana naye. Yuko Kinole, amekuja kumwona mjomba, ambaye macho yamemwishia.

"Sijakupigia kugombana, mama. Nimeshazoea shavu langu. Nina swali moja tu, na nimelibeba toka darasa la pili. Siku ile, na kile kioo cha kijani. Nilisema nini?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Wastaafu tunaruhusiwa kutokumbuka, ndiyo marupurupu pekee tuliyobakiwa nayo.

"Ulisema hutaki."

Nilisikia kuku, na mtu akikohoa karibu naye.

"Nani aliandika nimeridhia?"

"Mimi."

"Si watu wa chumba cha upasuaji?"

"Mimi, Zaina. Ulisema hutaki, nikaandika umetaka. Hesabu ya watoto ilikuwa imepungua mmoja."

Kisha akasema, si kwa hasira, kwa sauti ile ya mwalimu: "Naweka spika. Mwambie yeye."

"Mzee Kibwana, shikamoo."

"Marahaba. Nani?"

Nikamwambia nani. Nikamwambia yote, kwa maneno machache, maana nilikuwa nimeyafupisha kwa miaka mingi. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza mara ile kwenye benchi. Nilipomaliza akauliza:

"Alivyokataa, alisemaje? Maneno yake."

"Alisema, 'Mjomba atanisalimiaje?'"

Kisha nikasikia kiti kikisogezwa, na fimbo ikigonga sakafu, na mtu mzima akijitahidi kusimama.

"Shikamoo, mama."

Jibu lilikuja dogo, la mtoto wa miaka minane.

"Marahaba, mwanangu."

Hakuna aliyenikumbuka tena. Walikuwa wanaongea wao kwa wao, Kiluguru, na simu ikiwa bado iko hewani. Nikaikata mimi.